Mahali Ilifika Yote

Vijana wangu, kabla hujauliza lolote kuhusu ukumbi, inua macho uangalie paa. Kama ni mabati matupu bila dari, shukuru, aga, nenda zako. Mvua ya alasiri hapa Kitale haina adabu. Ikianza kupiga bati, hakuna shahidi atakayesikika hata apayuke. Mimi nililijua hilo nikiwa tayari nimewakalisha mawakili wawili kutoka ng'ambo kwenye ukumbi wa namna hiyo, tukabaki karibu saa nzima tunatazamana. Mmoja wao alimaliza njugu zote nilizokuwa nimeweka mezani.

Baada ya paa, angalia jirani. Kule Myanga nilipata chumba kizuri, dari ipo, viti vipo, bei ya kirafiki. Sikuuliza kwa nini bei ni ya kirafiki. Shahidi alipofungua mdomo tu, ukuta wa pili ukaanza kutetemeka, kumbe ni kinu cha kusaga unga, na siku hiyo ilikuwa siku ya soko. Nikitaka kuona aibu yangu nafungua nakala ya ushahidi ule, ukurasa wa nne, ambapo imeandikwa kwa Kiingereza safi: kinu cha mahindi kinanguruma, shahidi ameombwa arudie. Imeandikwa hivyo mara kumi na moja.

Watu waliniita Mama Taipu, na ninyi niiteni hivyo hivyo. Nilikuwa mpiga taipu kortini kwa miaka mingi kabla ya kuingia kazi hii, ambayo hata mume wangu hakuielewa mpaka nilipostaafu. Iko hivi. Kesi inasikizwa nchi ya mbali, tuseme Amerika, lakini shahidi yuko Kapsokwony na hajawahi kuwa na pasipoti. Basi korti ya kule inaruhusu mawakili wa pande zote mbili waje, shahidi aseme ukweli mbele yao, kila neno liandikwe, na karatasi hizo zipelekwe kwa jaji zikazungumze badala yake. Mtu fulani lazima atafute ukumbi, amlete shahidi, ampate mkalimani, aandae kiapo, umeme na chai. Miaka ile ya elfu mbili na kitu, kuanzia Kitale mpaka Bungoma, mtu huyo nilikuwa mimi.

Na mwalimu wangu alikuwa Dorothy, mwandishi wa ushahidi aliyekuja na mawakili kutoka Amerika.

Lazima niwaeleze nilikotoka ndio mjue kwa nini nilimpenda mama huyo. Kortini kwetu hakimu ndiye aliyeandika ushahidi, kwa mkono wake, kwa kalamu yake. Shahidi akikolea, hakimu anainua kidole: "Pole pole, naandika." Yule shahidi aliyekuwa anaeleza jinsi alivyopigwa anasimama katikati ya kipigo, anangoja wino. Akiruhusiwa kuendelea, hasira imepoa na nusu ya maneno yamepotea. Mimi nilipewa yale yaliyobaki, nikayapiga taipu.

Dorothy alikuja na kimashine cha miguu mitatu, vitufe vichache tu, wala havikuwa na herufi juu yake. Alikiweka katikati ya magoti, akafumba macho nusu, na vidole vyake vikaanza kazi bila sauti. Watu waliongea, wakakatizana, wakakohoa, na yeye akayachukua yote. Mwisho wa siku alimsomea wakili maneno yake mwenyewe ya asubuhi, pamoja na pale alipojikwaa. Nilikaa pale nikiwa na miaka hamsini na kitu na shothandi yangu niliyojivunia tangu chuo, nikajiona sijui kitu. Sikuona wivu. Nilifurahi sana kwamba kuna binadamu anaweza kufanya hivyo.

Alinifundisha mambo mengi, mengine bila kujua ananifundisha. Maji ya shahidi yakae kushoto kama anatumia mkono wa kulia, la sivyo atayamwaga akionyesha kitu. Mwandishi akae pale anapoona mdomo. Na kichwa hakiandikiki. Hilo la mwisho lilitutesa Kapsokwony, kwa sababu watu wetu wana namna nyingi za kujibu bila kufungua kinywa. Kulikuwa na mzee mmoja, mkulima wa vitunguu, aliulizwa kama aliiona ajali. Akainua nyusi. Akaulizwa ilitokea wapi. Akachongoa midomo kuelekea barabarani. Dorothy akainua mkono, akaomba ajibu kwa sauti.

"Si nimejibu?" mzee akauliza, akinigeukia mimi. "Huyu mama haoni?"

Mpaka leo, kijana anayenijibu kwa nyusi namwambia kichwa hakiandikiki, na wajukuu wangu wamechoka kulisikia.

Sasa niwape ile ambayo huwa siipendi kuisimulia, maana kosa lilikuwa langu.

Tongaren kulikuwa na mwalimu wa chekechea aliyeitwa Nelima. Mumewe, Wafula, alikwenda Amerika kuendesha malori, na huko akafa kwa ajali. Kumbe huko alikuwa anaishi na mwanamke mwingine. Mwanamke huyo aliiambia korti kwamba yeye ndiye mwenye haki juu ya mwili, kwa sababu Wafula hakuwa na mke popote, na alitaka mwili uchomwe. Nelima akasema mke ni yeye, na mume wake atazikwa nyumbani. Cheti hawakuwa nacho. Walioana kwa mila kama wengi wetu. Basi jaji wa kule akataka ithibitishwe kwamba mahari ilitolewa. Ikithibitishwa, Nelima ni mke na Wafula anarudi. Isipothibitishwa, anachomwa. Mwili ulikuwa umekaa kwenye baridi miezi minne ukingoja jibu hilo.

Shahidi alikuwa shangazi yake Nelima, Mama Nafula, mama mzee mwenye mgongo ulionyooka, ambaye ndiye aliyepokea mahari kwa sababu baba yake Nelima alikuwa ameshafariki. Mawakili wawili walikuja, wa Nelima na wa yule mwanamke, wote Waamerika. Mkalimani waliyemkubali wote alikuwa Bwana Salim wa Mombasa, mtu mpole mwenye vyeti vyake, na Kiswahili chake ungetaka kukisikiliza hata akisoma orodha ya dawa. Wakili wa Kitale aliyeniajiri, ambaye ni mtoto wa Bungoma kama mimi, alikuwa na kesi nyingine Bungoma siku hiyo, akaniachia ukumbi. Dari ilikuwepo.

Mama Nafula aliingia, akatusalimu. "Habali ya Kitale?"

Mnacheka, lakini mnatujua. Sisi watu wa Bungoma hatujawahi kuzitenganisha l na r. Wakati wa uchaguzi tunapiga kula, na barabara yetu ni balabala. Hatuoni shida, kwa sababu sisi kwa sisi tunasikizana.

Shida ya kwanza ilikuwa kiapo. Mama Nafula alikuwa wa kanisa ambalo watu wake hawaapi. Alisukuma Biblia kando kwa heshima, akasema ndiyo yake ni ndiyo na hapana yake ni hapana, na tangu azaliwe hajawahi kuhitaji kitabu cha kumshikilia. Nilikuwa nimejiandaa, nina maneno ya kuthibitisha bila kuapa, tukaendelea. Nilijipongeza kidogo.

Wakili wa Nelima akauliza kama taratibu za ndoa zilikamilika.

"Mahali ilifika yote," akasema Mama Nafula. "Mimi ndio nilipokea."

Bwana Salim akafasiri kwa Kiingereza: alifika kwetu, safari yote, na mimi ndiye niliyempokea.

Nikaacha kumimina chai. Wakili akauliza ni nini kilifuata.

"Baada ya mahali nini ingine? Ilibaki tu kupeleka msichana."

Baada ya hapo, akafasiri Bwana Salim, lilibaki la kumsindikiza msichana tu.

"Na hiyo mahali watu wote waliona."

Na watu wote walipaona pale.

Wakili wa Nelima akaanza kupekua karatasi zake. Alikuwa ameambiwa shahidi huyu ataeleza mahari, na sasa anasikia habari ya mgeni aliyekuja kutembea. Wakili asiyejua atajibiwa nini huogopa kuuliza zaidi, kwa sababu jibu likiandikwa limeandikwa. Akasema hana swali lingine. Wakili wa upande wa pili alisema hana swali hata moja, na akafunga faili haraka. Nelima alikuwa ameketi nyuma, mikono mapajani, anamwangalia shangazi yake kwa shukrani. Alidhani mambo yamekwenda vizuri.

Na mimi nilikaa kimya. Nilijua tangu neno la kwanza. Lakini nilijiambia mwenye ukumbi hana mdomo, kazi yangu ni chai, na nani ataniamini mimi mbele ya mtu wa Mombasa kwenye jambo la Kiswahili? Niliuma ulimi mpaka Mama Nafula akatoka, akapanda gari, akarudi Tongaren. Nawasimulia haya nikiwa na haya bado.

Aliyeniokoa ni Dorothy. Kila baada ya kikao alikuwa na desturi ya kukaa nami na kikombe cha chai, anihakikishie majina: Tongaren inaandikwaje, Nafula ina f moja au mbili. Siku hiyo alimaliza majina, halafu akasema, "Na kuna neno hili. Mahali." Alilitamka vizuri kabisa, mtu asiyejua hata kusema asante. "Nimelisikia mara tatu. Mara ya kwanza lilikuwa safari, mara ya pili hapo, mara ya tatu pale. Neno gani hili?"

Fikirieni hilo. Vidole vyake viliandika Kiingereza cha mkalimani, na masikio yake wakati huo huo yalikuwa yanamsikiliza shahidi kwa lugha asiyoielewa. Sijakutana tena na masikio kama hayo.

Nikamwambia yote. Akauliza swali moja tu.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mara ya kwanza."

Alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu. "Mimi sina upande," akasema. "Lakini karatasi yangu ikidanganya, mwongo ni mimi. Twende."

Angalieni vizuri alichofanya. Hakwenda kwa wakili wa Nelima kumnong'oneza. Aliwaita wawili kwa pamoja, na Bwana Salim, akawaambia kuna neno moja halikueleweka na hawezi kuweka sahihi juu yake. Wakili wa yule mwanamke alikataa katakata. Mkalimani ana vyeti, akasema, na huyu mama ni wa chai.

"Dada yangu," Bwana Salim akaniambia kwa upole, "mahali ni mahali. Mahari ni neno jingine."

"Lakini alisema ilifika," nikajibu. "Ingekuwa mahali, si angesema palifika?"

"Watu wa bara? Nyinyi ngeli mnazichezea tu. Kila kitu kwenu ni i."

Aliniweza. Dakika chache kabla nilikuwa nimemwambia mhudumu alete kikombe ingine, na Bwana Salim alinisikia.

Walibishana mpaka wakafikia hapa: wangeondoka Kitale asubuhi ya kesho kuelekea uwanja wa ndege wa Eldoret. Kama shahidi atakuwa kwenye kiti saa mbili asubuhi, ataulizwa maana ya neno hilo. Asipokuwepo, karatasi itabaki ilivyo.

Nilikwenda Tongaren alasiri hiyo hiyo. Nilimkuta Mama Nafula anapeta maharagwe mlangoni kwake. Nelima alikuwa hajarudi kutoka shuleni alikopitia, na nilishukuru. Nilisema tu kwamba kuna neno moja halikuandikwa sawa. Sikutaja ni lipi. Hapo muwe makini, wanangu: ukimwambia shahidi neno, neno hilo si lake tena.

Aliendelea kupeta.

"Mimi nilishasema," akasema.

"Ndiyo, Kukhu," nikasema, nikimwita bibi kwa lugha yetu. "Lakini tunaomba useme tena."

"Mtu anasema tena kama alidanganya ya kwanza. Mimi nilidanganya?"

"Hapana, Kukhu."

"Sasa mimi nirudi huko nirudie kama mtoto? Watu wa kanisa waskie ati Nafula aliitwa mara mbili? Hapana, msichana. Ndiyo yangu ilikuwa ndiyo."

Nilimweleza habari ya ndege, habari ya jaji, habari ya mwili. Aliyajua yote kuliko mimi. Chozi lilimlenga alipotajwa Wafula, lakini kichwa kilikataa. Kwake yeye, kurudia kungeonyesha kwamba mara ya kwanza hakusema kweli, na neno la mtu wa namna hiyo halimwokoi mtu. Nilimheshimu hata pale alipokuwa anatumaliza.

Ndipo niliposema lile nililotakiwa kuanza nalo. "Kukhu, wewe ulisema vizuri. Mimi nilisikia, nikaona wamekosea, nikanyamaza. Kosa ni langu."

Ungo ukasimama.

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ukanyamaza? Na hii mvi yote?"

"Niliogopa."

Alinitazama mpaka nikatamani nirudi kwenye gari. "Basi wewe ndio utarudia," akasema. "Kesho utasema mbele ya wale watu vile umeniambia. Iandikwe. Ukisema, nitasema."

Saa mbili kasoro asubuhi tulikuwa ukumbini. Nikaketi kwenye kile kiti ambacho nilikuwa nimewakalisha watu wengi bila kujua kina baridi namna gani. Niliapa, kwa kuwa kanisa langu linaapa. Nikasema jina langu kamili, na kwamba jana nilisikia neno likifasiriwa visivyo, nikanyamaza kwa woga.

"Wewe ni mkalimani?" wakili wa yule mwanamke akauliza.

"Hapana."

"Unafanya kazi ya upande gani?"

"Ya ukumbi."

Dorothy hakuinua macho, lakini niliona shavu lake likicheza. Nilijua kila neno langu linaingia, kosa langu na jina langu, na litasomwa na jaji nisiyemjua. Nilipoinuka, Mama Nafula alinipisha, akaketi, akaweka mkoba mapajani. Wakaruhusu swali lile moja: jana ulisema mahali; mahali ni nini?

Aliwatazama mmoja mmoja, kwa huruma kabisa.

"Mahali ni ng'ombe," akasema. "Ng'ombe ya kuoa msichana. Kwani nyinyi huko kwenu mnaoa na nini?"

Bwana Salim akaanza kufasiri. Mama Nafula hakumngoja amalize. Akaanza kuzitaja. Kulikuwa na nyekundu iliyovunjika pembe, ikaenda kwa kaka yake Myanga. Nyeusi yenye doa tumboni, hiyo ilizaa mapacha na watu wakaja kuangalia. Ile ya maziwa iliyompiga teke Wafula mwenyewe siku ya kuileta, mpaka akachechemea kwenye sherehe. Alizitaja zote, rangi zake, tabia zake, nyumba zilizoingia, na nani alishika kamba. Wakili wa yule mwanamke aliacha kuandika, akasikiliza tu. Bwana Salim alimfuata kwa Kiingereza, vidole vya Dorothy vilikwenda bila kusita, na ng'ombe wa Tongaren wakaingia mmoja mmoja kwenye kumbukumbu ya korti ya Amerika.

Alipomaliza, Bwana Salim aliomba nafasi. Alisimama, jambo ambalo mkalimani halazimiki kufanya. "Naomba iandikwe kwamba jana nilikosea," akasema kwa Kiswahili, halafu akajifasiri kwa Kiingereza. "Nilitafsiri Kiswahili changu. Sikutafsiri chake."

Mimi nimewaona wasomi wengi, na wengi wangekufa kuliko kusema hivyo. Tangu siku ile, wakili akiniuliza mkalimani bora ni nani, namtaja mtu wa Mombasa. Wanashangaa, na mimi nasisitiza.

Siku hizi mnarekodi kwa simu, na kompyuta inawaandikia. Sina ugomvi nayo, ingawa sijui ingefanya nini na Mama Nafula. Ninachowaomba ni hiki: ukisikia neno limekwenda kombo, inua mkono. Utaambiwa wewe ni wa chai. Inua tu.

Majibu ya jaji yalifika baada ya wiki sita, yakachapishwa kwenye saiba, duka la intaneti pale Kitale, na wakili wangu akanituma niyapeleke. Nelima alinikaribisha ndani. Mama Nafula alikuwa kwenye kiti cha pembeni. Nilisoma kwa Kiingereza, halafu nikafasiri taratibu, nikiogopa kila neno. Nilipofika pale jaji aliposema kwamba Nelima ni mke halali wa marehemu, na mwili ukabidhiwe kwake, Nelima mwenyewe aliniomba nirudie. Nikarudia. Akaniuliza limeandikwa wapi, nikamwonyesha kwa kidole.

Miezi ile yote sikuwahi kumwona akilia. Nilikuwa nimemdhania mgumu. Aliikunja ile karatasi, akampa shangazi yake, akafungua kilemba chake.

"Watu walikuwa wanasema ati nitalilia bwana ya mwanamke mwingine," akasema. "Sasa naweza kulia."

Akapiga yowe ambalo alikuwa amelizuia tangu siku ya kwanza, na likasikika mpaka barabarani. Mama Nafula alimshika mabega. Majirani wakaanza kufika mmoja mmoja, na mimi nikatoka nje ili wapate pa kukaa.